AJALI INA KINGA
Somo kwa vikundi vya kujitegemea: uzembe wa madereva kwenye barabara kuu, na kazi yetu sisi abiria



Katika matanga huku kwetu, ikiwa msiba umeletwa na gari, kuna neno ambalo halikosi kusemwa: "Ajali haina kinga." Watu husema hivyo kwa upole, kuwafariji wafiwa, na hatuwezi kumkataza mtu kufariji mwenzake. Lakini neno likirudiwa mara nyingi, mwisho huaminika. Na likishaaminika, hakuna anayeuliza tena kama dereva alikuwa na simu mkononi, au kama abiria waliona hatari na wakanyamaza.

Katika somo hili tunataka kulichunguza neno hilo. Tutaona kwamba ajali nyingi zina kinga, na kwamba sehemu ya kinga hiyo iko kwetu sisi watu wa kawaida, tunaokaa kiti cha nyuma kwenye matatu na mizigo yetu miguuni.

Pengine mmoja wenu atauliza: kikundi cha kuku na mboga kina shughuli gani na habari za barabara? Jibu ni rahisi. Mwanachama akivunjika paja, akiba yake inaishia hospitali. Mkopo wake haulipwi kwa wakati. Mtoto anatolewa shule. Kikundi kinafanya mchango, halafu mchango mwingine, na ile pesa ya kununua tangi la maji inakwisha. Dakika moja ya uzembe inaweza kula kazi ya miaka mitatu.

Kwa kiongozi wa somo: Somo lachukua karibu saa moja na nusu. Mnaweza kuligawa katika mikutano miwili. Usihubiri. Uliza swali, ngoja watu wajibu, na hasa wape nafasi akina mama na vijana wa bodaboda.

1. TUANGALIE BARABARA YETU

Barabara kuu ya kutoka Mombasa hadi Nairobi ina urefu wa karibu kilomita 480, na kipande kikubwa kinapita kwetu: Maungu, Voi, Ndii, Manyani hadi mto Tsavo. Inabeba mizigo ya bandari kwenda Nairobi, Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo. Sehemu kubwa ya njia hiyo, gari za kwenda na za kurudi zinatenganishwa na mstari wa rangi tu. Pale Voi kuna njia panda ya Mwatate na Taveta mpaka Holili, Tanzania, na kutoka Mwatate barabara inapanda milima kwenda Wundanyi kwa kona nyingi. Na kwa kuwa tumepakana na mbuga za Tsavo, usiku hata tembo ni mtumiaji wa barabara.

Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, inayojulikana kama NTSA, ilihesabu watu 4,324 waliokufa barabarani Kenya mwaka 2023. Mwaka 2024 walikuwa 4,748. Gawanya kwa siku za mwaka: ni watu 13 kila siku. Na walio wengi si matajiri wenye magari. Kundi kubwa kuliko yote ni watu waendao kwa miguu.

Tarehe 18 Machi 2024, basi lililobeba wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta liligongana na trela hapo Maungu. Wanafunzi 11 walikufa, na majeruhi wengi walipelekwa hospitali ya Moi hapa Voi. Hatusemi hapa nani alikosea, hiyo ni kazi ya wachunguzi na mahakama. Tunaitaja kwa sababu wengi wenu mliiona au mlisaidia kubeba majeruhi, na mnajua kwamba habari hizi si za mbali.

Maswali: Katika miaka mitano iliyopita, ni ajali ngapi zimetokea karibu na kijiji chetu? Zilitokea mahali gani, na saa ngapi? Chukueni kijiti mchore barabara yenu mchangani, muweke jiwe kila mahali palipotokea ajali. Mawe yakirundikana mahali pamoja, mjue pana sababu, wala si bahati mbaya.

2. JICHO LA DEREVA

Sheria ya Trafiki inasema matatu, mabasi na malori makubwa yasizidi kilomita 80 kwa saa. Ndani ya miji na vituo vya biashara, gari lolote lisizidi 50. Lakini "80 kwa saa" ni maneno makavu kwa mtu asiyeendesha. Tuyafanyie zoezi.

Nendeni kwenye uwanja wa mpira wa shule. Gari la kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kwa sekunde moja. Dereva akitazama simu yake asome ujumbe mfupi, macho yanaweza kuwa nje ya barabara sekunde tano. Katika sekunde hizo tano gari limekwenda mita 110. Sasa mmoja wenu apige hatua kubwa kubwa 110, wengine wamhesabie kwa sauti. Atatoka goli hadi goli, na huenda akapita. Simameni nyuma yake mtazame umbali huo wote, halafu mjiulize: huyu dereva ameuvuka akiwa kama kipofu, na amebeba watu 14. Ni nini kingeweza kuingia barabarani hapo katikati? Mtoto wa shule. Mbuzi. Mama mwenye kuni kichwani. Bodaboda isiyo na taa.

Tena, hata akiinua macho na kuona hatari, gari halisimami hapo hapo. Mguu unachukua sekunde moja au zaidi kufika kwenye breki, na breki nazo zinahitaji nafasi. Kwa mwendo huo gari dogo lenye breki nzuri, lami ikiwa kavu, linahitaji kama mita 60 hadi 80 kusimama. Trela lenye kontena linahitaji zaidi. Kukiwa na mvua, zaidi tena.

Shirika la Afya Duniani lasema dereva anayetumia simu ana hatari ya kupata ajali karibu mara nne kuliko asiyetumia. Wengine hujitetea: "Mimi natumia ile ya masikioni, mikono iko huru." Mikono iko huru, sawa, lakini akili je? Dereva anayegombana na mwenye gari kwenye simu juu ya hesabu ya jana, macho yake yako mbele lakini haoni.

Na simu si peke yake. Kuna makanga anayempa dereva noti ahesabu gari likikimbia. Kuna anayegeuka nyuma kupiga soga. Kuna usingizi, hasa kwa dereva wa lori aliyetoka bandarini jioni akitaka kulala Nairobi. Mwingine hutafuna miraa au muguka akidhani ndiyo dawa. Muguka unaweza kumzuia asifumbe macho, lakini uchovu uko pale pale mwilini. Dawa ya usingizi ni kulala.

Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 ziliweka faini ya shilingi 2,000 kwa dereva anayetumia simu gari likiwa kwenye mwendo. Kwa hiyo ukimwambia dereva aache simu, humwonei. Unamkumbusha sheria.

3. MWENDO HUZOELEKA

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa kando ya barabara tunapaswa kulielewa. Mtu akiendesha kwa kasi muda mrefu, mwili wake unazoea. Akipunguza hadi 70 anajiona kama anatambaa, na kumbe bado anakimbia.

Mwezi Mei 2022 ilifunguliwa Nairobi barabara ya kulipia, ile ya juu ya nguzo, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Mwezi ule ule, gari lililokuja kwa kasi liliyagonga kwa nyuma magari yaliyokuwa yamepanga foleni kwenye kituo cha kulipia cha Mlolongo. Barabara ilikuwa mpya, lami safi, alama ziko, taa ziko. Kumbe barabara nzuri peke yake haileti usalama. Inataka dereva aliye macho, hasa pale kasi inapotakiwa kuisha.

Sasa tulete habari hii nyumbani. Maungu ni kama kile kituo. Voi ni kama kile kituo. Dereva aliyetoka Nairobi anafika Voi akiwa ameshakata kilomita 330 hivi, nyingi zikiwa za porini ambako haoni mtu. Ghafla kuna maduka, kuna bodaboda, kuna watoto. Yeye anaona amepunguza mwendo. Wewe unayevuka unaona upepo tu. Hatusemi hivi ili kumtetea. Twasema ili tusivuke kwa kudhani ametuona.

4. MDOMO WA ABIRIA

Hapa ndipo kiini cha somo letu. Ulizaneni: umewahi kupanda matatu, ukaona dereva anapita gari jingine kwenye kona, na moyo ukakuruka? Ulisema kitu? Wengi watajibu hapana. Kwa nini? Tumeuliza swali hili katika vikundi, na majibu yanafanana. "Nitaambiwa nishuke." "Makanga atanitukana mbele ya watu." "Wenzangu wote walinyamaza, nikaona pengine ni mimi mwoga."

Jibu hilo la mwisho ndilo kubwa. Kila mmoja anaogopa kimya kimya akidhani yuko peke yake. Gari zima la waoga, na dereva anadhani wamefurahi.

Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, James Habyarimana na William Jack, walilijaribu jambo hili hapa hapa Kenya kuanzia mwaka 2008. Walichukua matatu zaidi ya 1,000 za safari ndefu. Katika baadhi yake, zilizochaguliwa kama kwa kura, walibandika karatasi ndani zikiwahimiza abiria waseme dereva akiendesha vibaya. Nyingine hazikubandikwa kitu. Hawakufundisha madereva, hawakuongeza polisi. Kisha wakahesabu madai ya bima yaliyotokana na ajali. Kwenye matatu zenye vibandiko madai yalipungua kwa nusu au zaidi. Baadaye, kuanzia mwaka 2015, kampeni ya nchi nzima ya vibandiko vya namna hiyo ilifanywa pamoja na NTSA, ikaitwa Zusha.

Ndugu zangu, hebu tulipime jambo hili. Karatasi tu, na sauti ya abiria.  Basi nani atasema tena kwamba ajali haina kinga?

Lakini kusema nako kuna namna yake. Fanyeni igizo: pangeni viti kama matatu, mmoja awe dereva mwenye simu, mwingine makanga mkali, wengine abiria. Mjaribu njia hizi:

- Anza kwa heshima. "Dereva, tafadhali punguza kidogo, tuna watoto humu." Au: "Ndugu yangu, hiyo simu ngoja tufike." Matusi humfanya dereva kijana aongeze mwendo ili aonyeshe yeye ni mwanamume.
- Sema mapema. Usingoje mpaka hatari iwe mbele ya kioo.
- Mmoja akisema, wa pili na wa tatu waseme papo hapo: "Ni kweli, dereva, sikia mama." Hii ndiyo kazi ya kikundi. Makanga anaweza kumdharau mtu mmoja, hawezi kuwadharau watu wanane walio na nauli.
- Akikataa, andikeni nambari ya gari na jina la sako. Mkifika, nendeni kwa wasimamizi wa sako au kituo cha polisi, mkiwa wawili au watatu.
- Funga mkanda. Kama haupo au umekatika, uliza kabla ya kulipa.

Na tukumbuke upande wetu. Mara nyingine ni sisi abiria tunaomwambia dereva "kanyaga, tumechelewa sokoni." Ni sisi tunaokubali kuwa wa nne kwenye kiti cha watatu. Mdomo unaoomba kasi asubuhi hauwezi kulaumu kasi jioni.

5. SISI WENYEWE KANDO YA LAMI

Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, pale njia panda ya Londiani, kaunti ya Kericho, trela lilitoka barabarani likaingia kwenye watu waliokuwa kando: wachuuzi, bodaboda, abiria wakingoja gari. Watu 52 walikufa. Wengi wao walikuwa wakitafuta riziki tu, kama sisi tunavyouza ndizi, machungwa na maji kwa wasafiri.

Twajua kwa nini mama anaweka meza karibu na lami: aliye karibu ndiye anayeuza. Akirudi nyuma peke yake, jirani yake ndiye atapata mteja. Kwa hiyo mtu mmoja hawezi. Wote wakirudi nyuma siku moja, hakuna anayepoteza. Hili ni jambo la kikundi kuamua, na kumwendea chifu na maofisa wa kaunti kuomba mahali pa soko penye nafasi ya magari kusimama nje ya barabara.

Vijana wetu wa bodaboda nao wasikilize. Sheria inataka abiria mmoja tu, na helmeti na jaketi ya kung'aa kwa wote wawili. Simu iliyobanwa ndani ya helmeti ni ile ile tuliyoisema kwenye somo la jicho. Na mzee anayevuka akiongea na simu naye ni dereva wa miguu yake.

Watoto wavushwe na mtu mzima penye kuonekana mbali pande zote mbili, si kwenye kona wala nyuma ya lori lililosimama. Usiku vaa nguo nyeupe au shika tochi. Mifugo isiachwe na mtoto mdogo kando ya barabara.

6. IKITOKEA

Piga 999 au 112, au Msalaba Mwekundu kwa 1199. Wekeni matawi au mtu mwenye tochi mbali kidogo pande zote mbili kuonya magari. Usimvute majeruhi kwa mikono na miguu kama gunia, shingo inaweza kuwa imevunjika. Mwondoe tu kama kuna moto au hatari nyingine. Damu inayotoka sana, ikandamize kwa kitambaa safi.

Lori la mafuta likianguka, kimbia mbali nalo. Tarehe 31 Januari 2009 huko Sachangwan, karibu na Molo, watu walikwenda na mitungi kuchota petroli iliyomwagika, moto ukawaka, wakafa zaidi ya 100. Hakuna lita ya petroli yenye thamani ya mtoto.

Ajali yenye majeruhi lazima dereva airipoti polisi kabla ya saa 24 kwisha. Wewe uliyeumia, au ndugu yako, andika nambari ya gari, chukua abstrakti ya polisi na fomu ya P3, weka risiti zote za hospitali. Kila gari linatakiwa kuwa na bima ya kuwalinda watu wengine, kwa hiyo mnaweza kudai fidia. Kesi ifunguliwe kabla ya miaka mitatu kwisha. Jihadharini na watu wanaokuja hospitalini na karatasi za kutia sahihi. Usitie sahihi au dole gumba kwa usichokielewa. Mwite kwanza mtu unayemwamini akusomee.

7. BARABARA TUMEILIPIA

Serikali imekuwa ikizungumzia barabara ya kulipia kutoka Nairobi hadi Mombasa. Watu hudhani atakayelipa ndiye mwenye barabara. Lakini sisi sote tunalipa tayari. Kuna ushuru wa matengenezo ya barabara, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1993, unaotozwa kwenye kila lita ya petroli na dizeli. Julai 2024 ulipandishwa ukawa shilingi 25 kwa lita. Kila nauli ya bodaboda na matatu ina ushuru huo ndani yake.

Kwa hiyo tukiomba kivuko cha waendao kwa miguu mbele ya shule, matuta yaliyopakwa rangi, taa au alama, hatuombi sadaka. Barabara kuu ziko chini ya mamlaka iitwayo KeNHA. Andikeni barua fupi, mtaje mahali penyewe na yale mawe mliyoyahesabu mchangani, mkusanye sahihi, nakala moja kwa chifu na moja kwa mwakilishi wa wadi. Na wakija kuitisha mikutano ya maoni juu ya barabara mpya, twendeni tuulize: watu na mifugo watavukia wapi?

8. TUAMUE NA TUTENDE

Kabla ya kufunga mkutano, kikundi kikubaliane mambo matatu tu, na yaandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu:

a) Kuanzia leo, mwanachama akisema ndani ya gari "dereva, punguza," mwanachama mwingine aliyemo asinyamaze.
b) Ni mahali gani pamoja pa hatari tutakapopashughulikia mwaka huu, na nani ataandika barua?
c) Mkutano ujao, kila mmoja aeleze safari yake moja: aliona nini, alisema nini, akajibiwa nini.

Wale watakaojibiwa vibaya wasivunjike moyo. Mara ya kwanza utachekwa. Mara ya pili watu watageuka kukutazama. Mara ya tatu kuna mwingine atakayesema kabla yako, na dereva ataweka simu chini.